Kitambaa cha Macho ya Baba

Mjukuu wangu akiinamia simu, mama yake humfokea, "Weka hicho kitu chini, kitakumaliza macho!" Nami huinuka taratibu nikatoka nje, nikajifanya naangalia kuku. Si kwamba binti yangu anasema uongo. Mtoto akikaza macho kwenye kioo kutwa nzima, kichwa kitamgonga na macho yatamwasha, hilo hata mimi nalijua. Lakini maneno hayohayo niliyasikia kwetu Gesima miaka ya sabini ilipoanza, yakisemwa na watu wenye nia njema. Watu wenye nia njema! Mungu atuepushe nao. Mwenye nia mbaya angalau unajua umfungie mlango.

Kaka yangu, kifungua mimba, alikuwa askari wa bendi Nairobi. Kazi yake ilikuwa kupiga ngoma, ile kubwa inayobebwa tumboni. Baba hakuwa amemwona akiipiga hata mara moja. Baba alikuwa mkulima wa chai, mtu wa nyumbani kabisa, na safari yake ndefu ilikuwa ya kwenda Nyanchwa, pale juu ya mji wa Kisii, kwenye makambi ya kanisa. Nairobi aliikataa katakata. Alisema mji usio na migomba unamlisha mtu nini? Basi kaka akaona kwamba ikiwa mzee haifuati ngoma, ngoma itamfuata mzee. Akaja likizo na televisheni.

Ilipanda keria ya basi, imeviringishwa blanketi la kazini, na kutoka barabarani ikabebwa kichwani kama maiti ya mtu mfupi. Ilikuwa kabati la mbao lenye kioo kilichotuna kidogo. Stima kwetu haikuwepo, kwa hiyo ilikula betri ya gari, na betri ikiisha inapelekwa sokoni kwa mwenye kinu cha unga, aliyekuwa na mashine ya kuichaji. Eriali tuliifunga juu ya mti mrefu wa mkaratusi uliosimamishwa nje ya dirisha. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi wakati huo, bado sijaolewa, na nyumba nzima hakuna aliyenishinda urefu. Kwa hiyo mlingoti ukawa wangu. Picha ikikataa, mimi ndiye niliyetoka kuuzungusha huku nikipiga kelele, "Imekuja?" na wao ndani wakijibu, "Bado!"

Na kwa kweli ilikuwa bado siku zote. Milima ya kwetu hairuhusu kitu kupita kirahisi. Tulichopata kilikuwa chenga tupu, punje nyeupe na nyeusi zikirukaruka kama wimbi kwenye ungo, na katikati ya zile punje kivuli cha mtu anayesoma habari. Ukitazama kwa muda, macho yanakuuma na machozi yanatoka yenyewe. Majirani walikuja hivyohivyo kila jioni. Walikaa, wakapangusa macho, wakasema teknolojia ni kitu kikubwa.

Kabla ya kurudi kazini, kaka alimkalisha baba kwenye kiti mbele ya kile kioo. "Tata," akamwambia, maana ndivyo sisi Wakisii tunavyomwita baba, "siku ya sherehe ya uhuru bendi yetu itapita uwanjani, na jioni wataonyesha. Utaniona. Wewe kaa hapa tu."

Baba akakaa. Yaani alikaa kweli! Hiyo sherehe ilikuwa bado miezi mingi, lakini yeye alisema anayazoeza macho yake chenga, ili siku yenyewe ikifika yasimsumbue. Alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Habari zikisomwa kwa Kiingereza, lugha asiyoijua, yeye anatazama. Ikija ngoma ya kabila lingine, anatazama. Hata chenga zenyewe bila mtu ndani yake alizitazama kama anayetafuta sindano.

Kisha mambo madogo yakaanza. Mama akimwekea kikombe cha chai kando ya mkono, baba anakipiga kikombe, chai inamwagika. Akipita mlangoni, bega linagonga mwimo. Akichuma majani shambani, safu iliyo mbele yake anaichuma safi kabisa, mpaka unajiuliza kama ana macho zaidi ya mawili, lakini matawi ya kando anayaacha yamesimama. Mama alikuwa mwanamke mwenye ulimi. "Mogaka," alimwita, kama wake wa kwetu wanavyowaita waume zao waliokomaa, "siku hizi huoni kitu kingine ila hiyo televisheni yako!" Tukacheka. Obe, tulicheka sana! Na mama alikuwa amesema ukweli mtupu, neno kwa neno, ila hakuna aliyeusikia, hata yeye mwenyewe.

Siku aliyomkanyaga mtoto wa jirani aliyekuwa ameketi pembeni ya njia, kicheko kikaisha. Mama akaenda kumwita mzee wa kanisa.

Huyo mzee wa kanisa nimemsamehe mara nyingi, na mara nyingi nimeuchukua msamaha wangu nikarudi nao nyumbani. Hakuwa mtu mbaya. Alizika wafu wetu na kuwaombea wagonjwa wetu, na njaa ilipoingia aligawa mahindi yake mwenyewe. Alifika, akaketi, akamwuliza baba maswali, akafikiri. Kisha akauliza, "Sabato je? Siku ya Sabato unagonga vitu?"

Tukaangaliana. Haki ya Mungu, Sabato baba hakugonga kitu.

"Mnaona?" akasema mzee. Sisi Wasabato Ijumaa jua likizama tulizima kila kitu. Chakula kimeshapikwa, kuni zimeshapasuliwa, na betri imetolewa nyaya mpaka Jumamosi jua lizame tena. "Siku sita anatazama hicho kioo, siku sita anagonga milango. Siku ya saba macho yanapumzika, siku ya saba anatembea sawa. Mungu mwenyewe amewaonyesha dawa."

Nani angebisha? Mimi mwalimu mzima, mwenye cheti, nilitikisa kichwa kwa kukubali kama mbuzi anayetafuna. Hakuna aliyesema kwamba Sabato baba hachumi chai. Hakuna aliyesema kwamba siku hiyo huvaa koti lake, akashika mkono wa mama kwenda kanisani, akaketi kwenye benchi lilelile la miaka yote, akaimba nyimbo alizozijua kabla sijazaliwa, na kurudi nyumbani kupewa chakula mkononi. Mtu kama huyo atagonga nini? Hata kipofu angemaliza Sabato bila kumwaga tone. Lakini lilisemwa na mkubwa, tena kwa maandiko. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulisikia, na guu likavunjika vilevile.

Dawa ikawa hii. Televisheni ikiwashwa, baba afungwe kitambaa machoni, kitambaa kilichokunjwa mara mbili na kuloweshwa maji ya chumvi, maana mzee alisema mwanga wa kile kioo unapenya kope. Sasa utauliza, kwa nini tusiiuze hiyo televisheni, au baba akaondoka tu chumbani? Kuiuza kungekuwa kumtukana kaka. Na baba hakukubali kuondoka. Alisema kama macho yamekatazwa, masikio hayajakatazwa, yeye ataisikiliza ngoma ya mwanawe. Hao majirani nao, pamoja na mzee wa kanisa, hawakuona sababu ya kuacha. Mzee alieleza kwamba kioo hicho huwadhuru wale ambao macho yao yameshaguswa; wengine wanaweza kutazama kwa kiasi. Akawa anatazama kwa kiasi kila jioni, kwenye kiti cha mbele. Kile cha baba.

Kitambaa kilikuwa cheupe. Mama alikinunua soko la Daraja Mbili, akakipinda pindo kwa mkono, maana alitaka mumewe afungwe kitu safi. Siku ya kwanza ya kukifunga, yeye na baba walipiga magoti, na baba akaahidi mbele za Mungu na mbele ya mzee kwamba hatakifungua mpaka macho yapone. Baba alikuwa mtu wa neno lake. Ukitaka kummaliza mtu wa namna hiyo, huhitaji kamba, mfanye aahidi.

Macho hayakupona. Na sisi, badala ya kusema dawa imeshindwa, tukasema dawa ni kidogo. Ikaongezwa. Akitoka shambani mchana, anafungwa. Baadaye akaachishwa na shamba, akawa anafungwa tangu asubuhi, anafunguliwa kula tu. Ungemkuta amekaa kizingitini na kile kitambaa cheupe, uso ameuelekeza kwenye chai yake, vilima vizima vya kijani kibichi mbele yake, ameketi kama mtu anayesubiri kunyolewa. Nilikuwa nikipita kwenda shuleni namsalimia, "Bwakire, Tata," naye ananijibu na kuniuliza kama mbingu ni safi. Namwambia ni safi. Napita zangu. Wanangu, nilipita zangu!

Siku ya sherehe ikafika. Jioni nyumba ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya gunia la mahindi. Mke wa kaka hakuweza kuingia, kwa sababu kwetu kuna chinsoni, ile heshima yenye haya ndani yake: mkaza mwana hakai kustarehe chumba kimoja na baba mkwe wake. Alisimama jikoni akitega sikio. Chinsoni hiyohiyo ilinifunga na mimi. Binti mtu mzima hamgusi baba yake ovyo, na usoni ndiyo kabisa. Nasema hili mapema, msije mkaniuliza baadaye kwa nini sikuingia nikakivuta kile kitambaa. Najiuliza mwenyewe inatosha.

Nilikuwa nje, nimekumbatia mlingoti. Chenga, kama kawaida. Nikazungusha kidogo. "Imekuja?" "Bado!" Nikazungusha tena. Sijui upepo uligeuka au Mungu alitaka kutudhihaki, lakini ghafla ndani pakatulia, kisha ukapigwa ukelele ambao sijawahi kuusikia tena.

"Imekuja! Usisogee! Usisogee!"

Sikusogea. Mlango ulikuwa wazi, na kutoka pale nilipo kioo sikukiona, niliona visogo vya watu na mgongo wa baba. Ngoma ikasikika. Ngoma kubwa, nzito, polepole.

"Ndiye! Ndiye huyo!" Mama alikuwa amesimama. "Mwanangu huyo, wa kwanza kabisa, mbele ya wote! Jamani, picha kama maji!"

Niliona mkono wa baba ukiinuka. Ulipanda taratibu mpaka kisogoni, ukalipata fundo, ukaanza kulifungua. Nikasema moyoni, fungua. Fungua, Tata, fungua upesi.

Mama akaugeukia ule mkono, akaushika. "Mogaka, uliahidi mbele za Mungu. Umevumilia miezi yote hii uje uharibu leo?"

"Siku nyingine ipo," akasema mzee wa kanisa bila kugeuka, macho yake kwenye kioo.

Mkono wa baba ukashuka. Akauweka gotini. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua wageni, "Amenenepa?"

"Amenenepa," wakamwambia.

"Amevaa nini?"

"Kofia ndefu. Na kitu cheupe kinang'aa kifuani."

"Anapiga kwa mkono upi?"

Mmoja akasema wa kulia. Mwingine akasema hapana, yote miwili. Wakabishana, na walipokuwa wakibishana bendi ikapita, zikaja hotuba. Nikauachia mlingoti na chenga zikarudi, wala hakuna aliyeniambia niushike tena. Mimi pia sikumwona kaka yangu jioni ile. Niliona mkono wa baba tu, ukipanda na kushuka.

Mwaka uliofuata kaka alipata likizo. Alikuwa amesikia habari za macho ya mzee, na kwa huruma yake alifanya jambo ambalo hakuruhusiwa kufanya: alibeba sare yake yote ya sherehe ndani ya sanduku. Akaivaa barabarani, nyuma ya migomba, kofia ndefu, vifungo vinang'aa, akaja nyumbani akitembea kiaskari, watoto wakimkimbilia nyuma. Mama alikuwa ameshamfungua baba kitambaa, kusudi aone. Kaka akasimama mbele yake hatua chache, akakakamaa, akapiga saluti.

Baba akageuza kichwa huku, akageuza kule. "Nani amekuja?" akauliza. "Mbona watoto wanapiga kelele?"

Kaka aliendelea kupiga saluti kwa muda, nadhani hakujua aufanye nini ule mkono. Kisha akapiga magoti mbele ya kiti. Baba akamtambua kwa sauti, akampapasa kofia, akashuka kwenye vifungo, kimoja kimoja, akasema ni nguo nzuri sana. Kaka alilia kama mtoto, kofia kichwani.

Kesho yake, bila kumwuliza mzee wa kanisa wala mtu yeyote, alitupakia wote garini tukaenda hospitali ya Kisii, siku ambayo daktari wa macho alikuwa mjini. Alikuwa mtu mtaratibu. Alimulika jicho la kwanza muda mrefu, akamulika la pili, akasogeza vidole kando ya uso wa baba, akavisogeza mbele, na baba hakuviona popote. Kisha akatuambia ni presha ya macho. Ugonjwa huo hauumi, akasema, ndiyo maana ni mwizi. Huanza kula pembeni. Mgonjwa anagonga vitu vya kando huku akiona vizuri vilivyo mbele yake, kama anayechungulia kwenye mwanzi. Usipotibiwa, na mwanzi wenyewe huziba. Akauliza watoto wa mzee ni nani na nani, kwa sababu huo ugonjwa hupenda kufuata damu. Siku hizi natia matone machoni kila jioni, na yule binti yangu anayegombana na simu hajawahi kumpeleka mtoto kupimwa.

Mama hakuelewa, au hakutaka. "Ni televisheni, daktari," akasema. "Lakini tuliwahi. Tulimfunga kitambaa mapema."

"Mlimfunga nini?"

Akamweleza. Alimweleza kwa fahari, maskini mama yangu, habari za chumvi na pindo na ahadi. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama," akasema, "televisheni humchosha mtu macho. Akilala anaamka mzima. Haijawahi kumpofusha mtu."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo. Kaka alikuwa ameukazia macho ukuta. Ndipo baba, ambaye tangu tuingie alijibu alichoulizwa tu, akasafisha koo.

"Daktari, mwaka jana kulikuwa na sherehe. Mwanangu alipita akipiga ngoma. Kioo kilikuwa mbele yangu, mbele hivi." Akanyoosha mkono kuonyesha. "Kwa huo mwanzi unaousema, ningemwona?"

Nilimwomba Mungu yule daktari awe mwongo. Nilimwomba kwa nguvu zangu zote.

"Kama alikuwa mbele yako, mzee," akasema daktari, "ungemwona."

Baba akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelekezwa njia. Kisha akapeleka mikono yote miwili kisogoni, pale fundo lilipokuwa likikaa, vidole vikaanza kulitafuta. Siku hiyo hatukuwa tumemfunga kitambaa. Alipapasa nywele zake mwenyewe, akapapasa, akavuta, na safari hii mama hakumshika mkono.